Chama Kikimeguka, Nani Anakilipia?

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na wavuvi kutoka Migori na Homa Bay. Tunayachapa hapa ili na wale ambao hawakufika wapate kuyasoma na kuyajadili.)



Asanteni kwa kuitikia mwito. Tunajua wengine wenu mmeacha meza zenu sokoni na wengine mmeacha mashua kwenye bichi, kwa hivyo hatutarefusha maneno bila sababu.

Sisi ni wafanyakazi wa huduma za jamii wa kanisa. Hatukuja kumwambia mtu yeyote ampigie nani kura. Hiyo si kazi yetu, na mkituona tunaifanya, tukemeeni. Lakini tunatembelea vikundi vyenu, kutoka Isebania mpaka Kendu Bay, kutoka Muhuru Bay mpaka Oyugis, na tunasikia yanayozungumzwa. Tangu Raila Odinga alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 ukiwa mbele yetu, swali ni lile lile kila tunapokaa: "Hawa wakijitenga waunde chama chao, tuwafuate ama tubaki?"

Leo tunataka kuwaambia kwamba kuna swali lingine linalotangulia hilo. Ni swali ambalo kila mama aliyewahi kuwa mweka hazina analijua: pesa ya kuendesha hicho chama inatoka wapi? Ukishajua nani anakilipia, utajua ni chama cha nani. Hayo mengine, rangi, alama na nyimbo, yatafuata.

NENO MOJA, MAMBO MAWILI

Kiswahili chetu hapa Kenya kina neno moja tu, "chama". Kikundi cha nyoluoro cha akina mama kumi na wanane ni chama. Na kile kinachotaka kutawala nchi pia ni chama. Hata sheria kwa muda mrefu haikuona tofauti kubwa. Kabla ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2007, vyama vya siasa viliandikishwa chini ya Sheria ya Mashirika, ile ile iliyotumika kuandikisha makanisa na vyama vya ustawi.

Lakini hebu tuangalie tunavyoviendesha. Kwa nyoluoro, kila mtu ana kitabu. Ukitoa shilingi mia, inaandikwa na wote wanaona. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu. Mwenyekiti akitaka kukopa, anaomba kama mtu mwingine yeyote. Akikataa kulipa, tunamwendea nyumbani.

Sasa tuulizane ukweli. Wangapi hapa wamewahi kulipa ada ya chama cha siasa wakapewa risiti? Na wangapi wamewahi kupewa kitu na chama cha siasa: T-shati, leso, unga wa kilo mbili, mia mbili ya nauli? Mnacheka, maana jibu mnalijua. Kwa chama kidogo, sisi ndio tunatoa. Kwa chama kikubwa, sisi ndio tunapewa. Halafu tunashangaa kwa nini kwa chama kidogo tunasikilizwa, na kwa kile kikubwa tunaamrishwa.

HISTORIA YETU YA KUMEGUKA

Sehemu zetu hizi zina historia ndefu ya vyama vinavyomeguka. Tukumbuke kwa ufupi.

Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga aliacha KANU na umakamu wa Rais, akaongoza KPU. Bunge likabadilisha Katiba haraka: mbunge akihama chama kilichompeleka Bungeni, arudi kwa wananchi kuomba kura upya. Ndiyo maana mwezi Juni mwaka huo ulifanyika ule uchaguzi mdogo wa viti vingi kwa pamoja. KPU ilipigwa marufuku mwaka 1969. Lakini kanuni ile ya kuhama ilibaki, na tutaikuta tena mbele.

Mwaka 1991 likaja FORD, na mwezi Desemba mwaka huo mfumo wa chama kimoja ukaondolewa. Watu walifurahi. Kabla ya mwaka mmoja kuisha, FORD lilikuwa limepasuka vipande viwili: FORD-Kenya ya Jaramogi na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992, Rais Moi alishinda kwa asilimia kama 36 ya kura. Matiba alipata kama 26 na Jaramogi kama 17. Jumlisheni wenyewe. Vipande viwili vya kikundi kimoja vilikuwa na kura nyingi kuliko mshindi, lakini kila kimoja kilikuwa peke yake.

Sasa tufike kwenye pesa. Mwaka 1993 ilijulikana kwamba Jaramogi alipokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, mfanyabiashara wa kampuni ya Goldenberg. Mzee mwenyewe alikiri hadharani. Wakati huo alikuwa kiongozi rasmi wa upinzani, na pia mwenyekiti wa kamati ya Bunge inayochunguza hesabu za serikali. Na Goldenberg ndiyo ile iliyolipwa mabilioni na serikali kama fidia ya kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi. Watu wa Macalder hapa Migori, nyinyi mnachimba dhahabu kwa mikono yenu. Mnajua jinsi inavyopatikana kidogo kidogo, kwa jasho. Mnaweza kupima wenyewe kama Kenya ilikuwa na dhahabu ya kulipiwa mabilioni. Na almasi hatuchimbi kabisa.

Hatusemi haya kumdharau mzee wetu. Alifungwa, alizuiliwa, aliteseka kwa ajili ya nchi hii. Tunasema kwa sababu jambo lenyewe lina funzo. Chama kilichokuwa na mamilioni ya wafuasi kilihitaji milioni mbili za mtu mmoja. Kama wafuasi laki moja tu wangetoa shilingi ishirini kila mmoja, zingekuwa milioni mbili hizo hizo, bila aibu na bila deni. Badala yake mzozo uliingia ndani ya chama, na mwaka huo huo Paul Muite, aliyekuwa naibu wa mwenyekiti, alijiondoa katika uongozi.

Jaramogi alifariki tarehe 20 Januari 1994. Michael Kijana Wamalwa akachukua uenyekiti, na ushindani kati yake na Raila ukaendelea mpaka mkutano wa uchaguzi wa chama ulipovunjika kwa fujo mjini Thika mwaka 1995. Mwishoni mwa mwaka 1996 Raila akahamia NDP. Ile kanuni ya mwaka 1966, iliyotungwa kwa ajili ya baba, ikamkuta mtoto: kiti chake cha Lang'ata kikawa wazi. Aligombea tena kwa alama ya trekta, Machi 1997, akashinda. Huku kwetu jina la Tinga likashika, na mpaka leo wazee wanalitumia.

KWA NINI WALINUNA NA KUHAMA, WASIJENGE?

Angalieni jambo moja. Raila hakuanzisha NDP. Ilikuwa imeandikishwa tayari, na mwanzilishi wake alikuwa Stephen Omondi Oludhe. LDP aliyohamia mwaka 2002 ilikuwa na mwanzilishi wake, Dennis Kodhe. Na jina la ODM lilipogombaniwa mwaka 2007, hati ya kuandikishwa ilikuwa kwa wakili Mugambi Imanyara, huku Kalonzo Musyoka akibaki na ODM-Kenya.

Kwa nini mtu mwenye wafuasi wengi hivyo ahamie nyumba ya mwingine? Sababu moja ni kwamba kuandikisha chama kulikuwa kazi ngumu. Safina iliomba kuandikishwa mwaka 1995 na ikakubaliwa Novemba 1997, wiki chache tu kabla ya uchaguzi. Serikali ikikuchelewesha hivyo, unatafuta cheti kilicho tayari. Hapo ndipo ilipozaliwa ile tabia ya chama cha mkobani: mtu mmoja ana karatasi, mhuri na sanduku la posta, anangoja kiongozi mkubwa apite.

Lakini chama cha kukaribishwa hivyo kinaanza bila daftari la wanachama. Kinaanza na mwenye cheti, kiongozi, na watu wenye pesa za kulipia mikutano. Mwananchi wa Ndhiwa au Nyatike anaingia mwisho, kama mgeni aliyealikwa kwenye sherehe. Anakula, anacheza, anaondoka. Harusi si yake.

KATIKATI NI WAPI?

Wanaojitenga na chama kikubwa mara nyingi husema hivi: "Sisi si watu wa serikali, wala si wapinzani wa kelele. Tuko katikati. Tunataka maendeleo." Ni maneno mazuri. Nchi inahitaji watu wa kusikiliza pande zote mbili. Lakini sisi tunaoishi huku tumeona jinsi hiyo katikati ilivyo ngumu kuikalia.

Baada ya uchaguzi wa 1997, KANU ilikuwa na viti 107 na upinzani wote pamoja 103. NDP ilikuwa na viti 21. Ilichagua kusimama katikati na kushirikiana na serikali. Juni 2001 Raila akawa Waziri wa Nishati. Tarehe 18 Machi 2002, huko Kasarani, NDP ikaunganishwa na KANU, ikaisha. Trekta ikaegeshwa. Wako waliosema ulikuwa ni mkakati mzuri, maana bila kuingia ndani asingeweza kuipasua KANU miezi saba baadaye. Huenda. Lakini sisi tunauliza swali la mwanakikundi: mpiga kura wa Mbita au Karachuonyo aliyeijenga NDP mwaka 1997 aliulizwa wapi? Wajumbe walipiga makofi Kasarani. Yeye alisikia kwa redio.

Mwaka 2013 tuliona mfano mwingine hapa hapa. Omingo Magara wa South Mugirango, aliyewahi kuwa mweka hazina wa ODM, aliongoza chama cha PDP. Okoth Obado akagombea ugavana wa Migori kwa tikiti ya PDP, akamshinda mgombea wa ODM. Lilikuwa jambo la kushangaza, maana Migori ilikuwa ngome ya chungwa. Wapiga kura walionyesha kwamba wanaweza kukataa mteule wa chama kikubwa. Mwaka 2014 naye Dalmas Otieno, wakati huo mbunge wa Rongo, akaanzisha vuguvugu la Kalausi, yaani kimbunga. Lakini mwaka 2017 Gavana Obado alikuwa amerudi ODM, akashinda kwa tikiti hiyo. Na kile kimbunga kilipita kama vimbunga vya vumbi vinavyopita hapa Januari.

Hatuwalaumu viongozi hao. Tunataka muone shida yenyewe ilivyo. Chama kilicho serikalini kina watu wanaokichangia kwa sababu wanataka zabuni na vyeo. Chama kikubwa cha upinzani kina jina la kiongozi, na watu wanachangia kwa matumaini ya kesho. Chama cha katikati hakina hiki wala kile. Kwa hivyo pesa yake hutoka kwa mwanzilishi mwenyewe, na ikiisha, chama kimeisha. Ama hutoka kwa upande mmoja wa zile pande mbili, kimya kimya. Na ikitoka huko, basi hakiko katikati tena. Chama cha katikati kinaweza kusimama tu kama kina watu wengi wanaotoa kidogo kidogo. Njia nyingine hatuioni.

SHERIA INASEMA NINI

Leo hatuna ule udhuru wa miaka ya tisini. Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inataka kila chama kiwe cha kitaifa, na inakataza chama kujengwa juu ya kabila, dini au eneo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inataka chama kiwe na wapiga kura walioandikishwa elfu moja kutoka kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti zote. Nusu ya 47 ni ishirini na tatu na kitu, kwa hivyo ni kaunti 24. Hiyo ni wanachama 24,000 kwa uchache, na ofisi katika kaunti hizo.

Kuna pia Hazina ya Vyama vya Siasa, pesa za umma. Sheria inasema zisipungue asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, ingawa kwa miaka mingi vyama vimelalamika kwamba hazitolewi zote. Sehemu kubwa hugawanywa kulingana na kura ambazo chama kilipata katika uchaguzi mkuu uliopita. Sasa fikirieni: chama kilichomeguka leo kilipata kura ngapi mwaka 2022? Hakikuwepo. Kwa hivyo hakina lolote kutoka huko mpaka kipite uchaguzi. Miaka ile ya kwanza, ambayo ndiyo ya gharama, mtu mwingine lazima alipe.

Nani? Sheria inakataza pesa za serikali za kigeni na za watu wasio raia. Inaweka mpaka pia kwa mchango wa mtu mmoja: usizidi asilimia 5 ya matumizi ya chama kwa mwaka. Lakini ile sheria nyingine ya kudhibiti gharama za kampeni, ya mwaka 2013, imekaa tu kama kitabu kabatini. Mwaka 2021 Bunge lilikataa kanuni za kuitekeleza, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo cha matumizi.

HESABU YA SHILINGI ISHIRINI

Wengine watasema wananchi wa kawaida hawawezi kulipia chama. Hebu tupige hesabu, kama tunavyopiga ya nyoluoro.

Tuseme chama kina wale wanachama 24,000 tu ambao sheria inawataka. Kila mmoja atoe shilingi 20 kwa mwezi, bei ya mandazi mawili. Hiyo ni shilingi 480,000 kila mwezi. Tuseme ofisi moja ya kaunti ni kodi ya shilingi 10,000. Ofisi 24 ni 240,000. Zimebaki 240,000, yaani 10,000 kwa kila kaunti za kumlipa kijana wa kufungua mlango na kuandika daftari. Kwa mwaka mzima wanachama wametoa shilingi 5,760,000.

Hizo hazitoshi helikopta. Hazitoshi T-shati wala malori ya kubeba watu. Lakini zinatosha chama kuwa na mlango, daftari na mtu wa kuuliza. Mwenye helikopta akija, atakikuta chama kikiwa na wenyewe. Ataomba kama wengine.

Na simu zenu zina M-Pesa. Mwaka 1992 ungehitaji kumtuma mtu na pesa mfukoni, na huenda asingefika. Leo kila shilingi inaacha alama.

WENGINE WALIFANYAJE?

Tuwape mfano kutoka mbali, kwa sababu haya si ya Kenya pekee. Huko Uingereza, Januari 1981, wanasiasa wanne waliowahi kuwa mawaziri wa chama cha Labour walijitenga: Roy Jenkins, David Owen, William Rodgers na mama mmoja Mkatoliki, Shirley Williams. Walisema Labour imekwenda kushoto mno na Conservative imekwenda kulia mno. Wao wakaunda SDP, chama cha katikati, tarehe 26 Machi mwaka huo.

Chama kingine chenye nguvu ya vyama vya wafanyakazi wala ya makampuni hawakuwa nacho. Wakageukia watu wa kawaida. Wakaweka matangazo magazetini, mtu akajaza fomu, akalipa ada kwa posta au kwa kadi ya benki, na jina lake likaingia kwenye orodha moja ya taifa ya kompyuta. Watu wengi waliojiunga hawakuwa wamewahi kuwa wanachama wa chama chochote.

Je, walifanikiwa? Kwa kura, walijaribu. Mwaka 1983, wakiwa wameungana na Waliberali, walipata asilimia 25 ya kura zote, karibu sawa na Labour. Lakini kwa mfumo wa kila eneo mshindi mmoja, walipata viti 23 tu, na Labour 209. Mfumo huo ni wetu pia. Chama cha katikati chenye kura kidogo kidogo kila mahali huweza kukosa kiti popote. Hilo mlijue mapema, msije mkadanganywa.

Lakini angalieni mwisho wake. Mwaka 1987 lilipokuja swali la kuungana moja kwa moja na Waliberali, wanachama walitumiwa karatasi za kura kwa posta. Asilimia kama 57 walikubali mazungumzo yaanze. Owen, ingawa alikuwa kiongozi, alikuwa amepinga, na akashindwa na wanachama wake mwenyewe. Mwaka uliofuata vyama vikaungana. Linganisheni na Kasarani 2002. Aliyelipa ada aliulizwa. Aliyepewa T-shati hakuulizwa.

VIKUNDI VYETU VISIGAWANYWE

Sasa tuje kwa lile linalotuuma zaidi sisi. Chama cha siasa kikimeguka huko juu, ufa hushuka mpaka kwenye vikundi vyetu huku chini. Tumeyaona kwa macho. Mgombea analetea kikundi hema na viti hamsini vya kukodisha. Kikundi kinashukuru. Mwaka unaofuata mgombea amehama chama. Nusu ya akina mama wanamfuata, nusu wanabaki, na hema linafungiwa nyumbani kwa mtu. Kitabu cha akiba hakifunguliwi tena. Mama aliyekuwa akitegemea mkopo wa karo anarudi mikono mitupu. Yule mgombea na mpinzani wake baadaye wanapatana, wanapigwa picha wakikumbatiana. Akina mama bado hawasalimiani kisimani.

Hiyo ndiyo gharama ambayo haiandikwi kwenye hesabu yoyote ya chama, na wanaoilipa ni nyinyi.

Jambo la pili ni orodha. Mtu anakuja anaomba majina ya kikundi na nambari za vitambulisho, ati kuna msaada. Juni 2021 Wakenya wengi waliangalia kwenye eCitizen wakajikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Sasa mnaelewa wale elfu moja kwa kila kaunti wanaweza kupatikana vipi. Daftari la kikundi si mali ya katibu kuligawa. Msilitoe. Na kila mmoja aangalie jina lake liko wapi, na kama limewekwa pasipo ruhusa, aandikie ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa aondolewe.

Jambo la tatu ni ile mia mbili. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mpokeaji wa hongo kuwa mkosaji kama mtoaji. Wengi hudhani ni mtoaji pekee.

MTU AKIJA NA CHAMA KIPYA, MUULIZENI

Hatuwakatazi kufuata chama kipya. Kumeguka si dhambi. Mara nyingine chama kikubwa hukataa kusikia, na njia iliyobaki ni mlango. Lakini mtu akija kwenye baraza lenu na chama chake cha katikati, mkaribisheni, mpeni maji, halafu mumuulize kwa heshima:

1. Cheti cha chama kiko kwa jina la nani, na alikipata vipi?

2. Nani alilipia mkutano huu, hema, spika na magari yaliyokuleta?

3. Ada ya uanachama ni ngapi, na risiti iko wapi?

4. Ofisi yenu ya kaunti iko wapi? Sheria inasema chama kiweke huko daftari la wanachama na maelezo ya michango, na mwananchi ana haki ya kuyaona. Tunaweza kuja Jumatatu?

5. Mkitaka kuungana na chama kingine, wanachama wa kawaida watapiga kura, au tutasikia kwa redio?

6. Ukikosa kiti mwaka 2027, chama kitakuwepo 2028?

Mwenye chama cha kweli hatakasirika. Atafurahi, maana watu kama nyinyi ndio anaowatafuta. Akikasirika, basi jibu mmelipata.

Na kama mkiridhika na majibu, jiungeni, na mlipe. Hata kama ni ishirini. Msijiunge bure. Kwa vikundi vyenu mnajua kwamba mwanachama asiyetoa hana sauti siku ya kugawana.

Tunawaachia maswali haya mkayajadili nyumbani na kwenye vikundi, na mtakapokutana tena mtuletee majibu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni kanuni gani zinazolinda pesa? Ni zipi kati ya hizo tungetaka chama cha siasa kizifuate?

2. Je, kikundi chetu kimewahi kugawanyika kwa sababu ya siasa? Nani aliumia, na je, tulipatana?

3. Tukipewa hema, viti au pesa na mwanasiasa, tutaandika nini kwenye kitabu, na mali itakuwa ya nani akihama chama?

4. Nani kati yetu ataenda kuangalia ofisi za vyama katika kaunti yetu, aone kama zina daftari la wanachama, na atuletee habari lini?